Kilichokuwa ndani ya ndoo ya Antoine

Kule Musonoi, pale barabara ya malori inapopinda kulikwepa shimo la mgodi, kuna ubao juu ya matofali mbele ya meza ya kahawa ya Mama Mado. Vumbi linatua vikombeni na hakuna anayelalamika. Tata Kabasele, ambaye wote wanamwita Radio, hukaa upande wa meza. Barnabé, waliyempa jina la Avocat, yaani wakili, hukaa popote penye ubishi. Tangu wamzike Antoine, mchimbaji wa shaba, hawakuwa na habari nyingine. Alikutwa amelala chini katika kastoo, chumba kidogo nyuma ya nyumba yake, bila jeraha, na Huguette mkewe ndiye aliyempikia bukari, ugali wa huko, mchana ule. Polisi walichukua sufuria na ndoo iliyokuwa kando yake, wakavipeleka labo kupimwa. Asubuhi hii Beya, dada yake marehemu, alifika akitokea huko huko labo. Alikaa mwisho wa ubao bila kusalimu.

— Antoine alikufa mbio, alisema Radio. Bakubwa balisema: haraka haraka haina baraka. Ile bukari ilikuwa na kitu.

— Bukari hapana, alisema Avocat. Kile kinakukula iko mu nguo yako. Huguette, bibi yake, njo alikuwa anamufulia. Sumu alitia mu shimizi.

— Mu shati yake? alishangaa Radio.

— Inaingia na jasho. Mutu wa mugodi anatoka jasho mingi.

Mama Mado alimimina kahawa polepole.

— Na ile harufu? Bajirani bote balisikia mayai ya kuoza. Kisha ikapotea gafula.

— Voilà, alisema Radio. Bulozi. Roho ilikuja, ikamubeba, ikaenda na harufu yake. Ule mwanamuke alimuuza ku batu ba chini ya shimo, ili babone shaba.

Beya alisikia maneno yake mwenyewe yakirudi kwake. Bulozi: neno hilo yeye ndiye aliyelisema wa kwanza, mbele ya msiba mzima, akishika begi la Huguette na kulitupa nje. Aliweka kikombe chini.

— Bukari haikuwa na kitu, alisema.

Wote walimgeukia.

— Natoka ku labo. Dimitri, ule anapima bitu kule, alinionyesha. Bukari ni bukari tu. Mu ndoo njo kulikuwa kifo.

— Kifo gani, mama? aliuliza Mama Mado.

— Munakumbuka ule mufuko ulianguka ku lori? Bile bipande bya njano, sawa sabuni?

Wengi mtaani walikuwa wameviokota. Wote walikumbuka.

— Haikuwa sabuni. Ni dawa ya usine, ya kiwanda kya mugodi, ya kutenga shaba na mawe. Dimitri alitia kidogo mu kichupa, ndani ya sanduku ya vioo yenye kuvuta hewa. Akaongeza tone moja ya asidi. Juu yake alishika karatasi nyeupe yenye dawa ya kupimia. Ikakuwa nyeusi, mi nikiangalia. Alisema: hewa ile njo inanuka mayai ya kuoza. Ikikuwa mingi, inaua pua kwanza, mutu anazani harufu imeisha. Kisha inamuua yeye.

— Lakini Antoine asidi alitoa wapi? aliuliza Radio, sasa kwa sauti ndogo.

— Ya batri. Alikuwa anasafisha mawe yake nayo. Akaona mawe ingali chafu, akaongeza sabuni. Mulango alikuwa amefunga, juu ya kuogopa benye kuiba.

Avocat alisimama. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya vumbi.

— Mi niko na ile sabuni ku nyumba, alisema. Bibi yangu aliiweka mu sahani, pa kunawia batoto.

Aliondoka akikimbia; hawakuwahi kumwona mtu mzima wa umri wake akikimbia hivyo. Mama Mado alikaa juu ya kindoo chake, mikono kichwani, kahawa ikichemka na kumwagika juu ya makaa.

Pembeni alikuwepo kijana wa taxi-moto, pikipiki ya kubeba abiria, aitwaye Mukalay, mgeni mtaani, aliyekuja kunywa kikombe chake tu.

— Mama, pole, alisema. Na ule bibi yake? Sasa iko wapi?

Radio alikuwa amesikia kuwa yuko mji wa Kisenge, kwa shangazi. Mado alisikia yuko Lubumbashi. Hakuna aliyekuwa na hakika. Beya alijua jambo moja tu: mwanamke yule alikuwa ameondoka kwa miguu, mtoto mgongoni, na nyuma yake watu walikuwa wanapiga makelele, na kelele la kwanza lilikuwa lake.

Alifunga kitambaa chake upya, akapanda nyuma ya pikipiki ya Mukalay.

— Nipeleke ku malori ya Kisenge, alisema. Tutauliza mutu kwa mutu, mupaka tumupate Huguette.