Askari Ndani ya Gunia

Gari lilipotoka Kola nilikuwa na rozari mkononi. Mbele yangu alikaa mzee Kilonzo, amepakata mbwa wake Askari ndani ya gunia, kichwa tu kikiwa nje. Mbwa hakuwa akila wala kusimama, na mzee alikuwa anampeleka kwa dadake mjini ampe maji ya mwarobaini. Kando yake alikuwa Barni, mama Msomali anayenunua mbuzi, ameikusanya nguo yake mbwa asiiguse.

"Mzee, hiyo ni kupe," Barni akasema. "Mbuzi unawapulizia dawa?"

"Kila Jumamosi."

"Na huyu?"

"Aiya, mama! Huyu ni mlinzi. Akinuka dawa, atasikiaje harufu ya fisi?"

"Na sasa fisi akija, atambwekea kutoka kwa gunia?"

Watu wakacheka. Mimi niliendelea na Salamu Maria, ila masikio hayana mlango.

"Yeye ndiye hutangulia kichakani," Barni akaendelea, "kupe wanampanda kwanza. Mkirudi jioni mwangalie masikio na katikati ya vidole. Na usimpake ya mbuzi, itamuua. Daktari ako na dawa ya mbwa."

"Wewe humgusi mbwa, umemjulia wapi?"

"Simgusi, lakini namwona."

Kilonzo akafunua sikio la Askari. Kupe walikuwa wamejipanga kama mbaazi kwenye ganda. Akalifunika upesi.

"Ni homa tu."

Gari likasimama Machakos. Mzee akashuka, gunia kifuani, akamuuliza makanga daktari wa mifugo anakaa wapi.

"Nauliza tu," akamwambia Barni. "Bado ni homa."