Kaimu kwa Miaka Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo nimekaa mbele ya kipaza sauti hiki nikiwa na haya, na sababu nitawaambia sasa hivi ili nisije nikaikwepa.

Wiki iliyopita, kwenye matangazo ya vifo, nilisoma tangazo moja mara tatu. Asubuhi, mchana na jioni. Lilitoka idara ya maji, lina sahihi na muhuri. Lilisema idara inasikitika kutangaza kifo cha mtumishi wake, aliyekuwa Kaimu Msimamizi wa Mabomba. Nilisoma vilevile lilivyoandikwa. Kaimu.

Baada ya lile la mchana, simu ya studio ililia. Alikuwa mjane wake. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Ndugu mtangazaji, hilo neno la kwanza haliwezi kuachwa?"

Nikamjibu kwamba tangazo lenye muhuri halibadilishwi. Nilimjibu kwa adabu zote. Jioni nikalisoma tena, na neno lake hilohilo. 

Basi leo tumkumbuke mtu huyo. Alifariki akiwa na miaka hamsini na mitatu. Alifanya kazi idara ya maji miaka thelathini na minne. Katika hiyo, miaka kumi na moja alikuwa kaimu. Shikeni hesabu hiyo, wasikilizaji. Kumi na moja.

Kazini na mtaani aliitwa Sikio. Msidhani alikuwa mmbea. Alikuwa na nondo, kipande cha chuma kirefu kama fimbo ya kutembelea. Ncha moja aliikita ardhini, ncha ya pili aliibandika sikioni, akafumba macho. Hapo alisikia maji yanakovuja chini ya lami, chini ya saruji, popote. Wenzake wakichimba alipoonyesha, bomba lilikutwa limepasuka palepale. Mkewe anasema hata nyumbani hakuwa na raha. "Tunakula, mara ananiinulia kidole, nyamaza! Nikadhani kuna mwizi. Kumbe bomba la jirani."

Aliingia idarani akiwa na miaka kumi na tisa, mchimba mitaro. Siku anaanza kazi, kaka yake mkubwa, mwalimu wa shule, alimkalisha chini akampa ushauri. Kaka mtu mwenyewe amenisimulia, na mpaka leo haoni kosa lake. Alimwambia, "Mdogo wangu, usiombe cheo. Jua kitu ambacho mwenzako hakijui. Jifanye mtu wa lazima. Wakishaona hawawezi kwenda bila wewe, watakupandisha wenyewe."

Ushauri mzuri huo, au siyo? Na mimi nilipewa. Na wewe unayenisikiliza huko ulipo ulipewa, na huenda jana tu umempa mwanao.

Sikio aliufuata. Aliufuata kama dawa ya hospitali, kutwa mara tatu. Ramani za mabomba ya mji zilikuwa zimeliwa na mchwa ghalani zamani. Koki kubwa za kufungia maji zilikuwa zimefukiwa barabarani, nyingine zimejengewa maduka juu yake. Sikio akazitafuta moja moja, akaziweka kichwani. Siku moja aliingia kwa kinyozi, mteja yuko kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Akasema, "Samahanini, mzee hebu inuka kidogo, umekalia koki ya mtaa mzima." Wakabomoa sakafu. Koki ilikuwepo. Yule mzee alimaliza kunyolewa amesimama mlangoni, na kinyozi anasema hajawahi kutukanwa namna ile.

Miaka ishirini na mitatu ikapita hivyo. Msimamizi wa mabomba akastaafu. Sikio akapewa barua. Mkewe anayo, nimeiona kwa macho yangu. Inasema atakaimu nafasi ya Msimamizi wa Mabomba hadi itakapotangazwa vinginevyo. Siku hiyo walialika ndugu. Kaka mtu alisimama akasema, "Si niliwaambia?"

Ikapita miezi sita, ukapita mwaka, ikapita miaka mitano. Kazi ya msimamizi alifanya yeye. Lawama za msimamizi alibeba yeye. Na bado alfajiri anaitwa na nondo yake kwenda kusikiliza, kwa sababu hakuna mwingine. Kaimu.

Mwaka wa tano akaingia ofisini kwa mkuu wa idara. Alivaa shati la harusi ya binti wa kaka yake, mkewe alilipiga pasi mara mbili. Akauliza, kwa heshima, lini atathibitishwa. Mkuu hakukasirika. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba mkuu alicheka kirafiki kabisa. Akamwambia, "Sikio, bwana, nikikuthibitisha utakaa ofisini. Ukikaa ofisini, mabomba atasikiliza nani?"

Wasikilizaji wapendwa, naomba hapo tutulie. Mtu alijifanya wa lazima. Akawa wa lazima kweli. Na kwa kuwa ni wa lazima, hawezi kupanda.

Alirudi nyumbani, hakula. Akamwambia mkewe, "Mama watoto, mimi ndiye niliyejifungia, na koki nimeikalia mwenyewe." Kesho yake akaenda kwa kaka yake. Mwalimu akamwambia avumilie. Sikio akasema, "Kaka, nimevumilia mpaka wameanza kunihesabu pamoja na vifaa."

Ndipo akafanya kitu ambacho hakuna mshauri wa kazi aliyewahi kukisema. Aliamua kujifanya mtu asiye wa lazima.

Kila Jumamosi, kwa miaka miwili, alitembea mji mzima na binti yake, aliyekuwa bado sekondari. Baba anahesabu hatua, binti anachora kwenye daftari za hesabu, zile za miraba. Koki ya kwanza mpaka ya mia nne na kumi na mbili. Binti amenisomea mistari michache. "Koki ya tisini na sita. Hatua tatu ndani ya mlango wa kinyozi. Usimwinue mteja." Baba yake ndiye aliyemwambia aandike hivyo.

Na siku za kazi akawafundisha mafundi sita vijana kusikiliza kwa nondo. Namna ya kushika pumzi. Namna ya kutofautisha maji yanayopita na maji yanayotoroka. Wenzake wa rika lake walimshangaa. Fundi mmoja aliyeingia naye kazini alimwambia, "Sikio, umechanganyikiwa? Unagawa mkate wako na kisu unawapa." Akajibu, "Mkate wenyewe ndio ulionikaba."

Siku moja akaziweka daftari nne juu ya meza ya mkuu. Akasema, "Mkuu, sasa mabomba yana masikio sita mbali na langu. Naomba unithibitishe."

Mkuu alisimama. Alimpa mkono. Alifungua daftari, akashangaa, akaita na wengine waje waone. Sikio alitoka pale anatembea kama kijana. Mkewe anasema wiki ile aliimba bafuni, na alikuwa hajui kuimba.

Miezi minne baadaye ikaja barua. Idara imetafakari upya muundo wake. Kwa kuwa taarifa za mabomba sasa zimeandikwa, na kwa kuwa mafundi sita wana ujuzi wa kutosha, nafasi ya Msimamizi wa Mabomba haihitajiki tena. Imefutwa.

Imefutwa nafasi, lakini barua ya kukaimu haikufutwa, maana hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kwa hiyo Sikio akabaki kaimu wa cheo kisichokuwepo. Sicheki, wasikilizaji. Nilipoisoma nilitaka kucheka, nikashindwa.

Akapewa chumba karibu na ghala la mita. Meza moja, kiti kimoja, dirisha linaloangalia ukuta. Kazi hakupewa. Miaka mitatu. Mama anayefagia ofisi zile ameniambia kila asubuhi alimkuta ameshafika, ameshafuta meza yake mwenyewe. Alimwambia, "Baba, leo vipi?" Naye alijibu, "Nakaimu, mama. Nakaimu."

Binti yake alimsihi aondoke, atafute kwingine. Alikwenda mara mbili kwenye kampuni za watu. Waliuliza cheo chake. Akasema kaimu. Waliuliza, kaimu tangu lini? Akasema ukweli, nao wakatazamana.

Mwezi uliopita aliugua, akalazwa. Kuna siku, mkewe akiwa pembeni ya kitanda, alifumbua macho akasema, "Kuna bomba linavuja nyuma ya ukuta huu." Muuguzi alimwambia apumzike. Akarudia. Muuguzi, kwa kumridhisha mgonjwa, akapiga simu idara ya maji. Akaja fundi kijana na nondo. Akaibandika ukutani, akashika pumzi, akafumba macho. Akasema, "Lipo. Upande wa sinki." Akalitengeneza kwa nusu saa tu.

Alipogeuka kuondoka ndipo alipomtambua mgonjwa. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo, mzee. Mimi ni mmoja wa wale sita. Ulinifundisha wewe."

"Marahaba, mwanangu," Sikio akasema. Akamwangalia mpaka akatoka. Kisha akamgeukia mkewe. Maneno haya mama amenirudishia mara tatu, ili nisiyakosee. Alisema, "Umeona? Hawanihitaji hata kidogo. Kazi yangu imefanikiwa."

Siku ya tatu baada ya hapo akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, najua mnasubiri fundisho. Kipindi hiki kina desturi ya kutoa fundisho. Kaka yake anasema fundisho ni kwamba angesikiliza wakubwa. Mwalimu, kwa heshima zote, alikusikiliza miaka ishirini na minane. Binti anasema baba angeondoka mapema. Labda. Mimi nimeigeuza habari hii juu chini, chini juu, sijaona mlango. Alinyamaza, akabaki kaimu. Aliuliza, akabaki kaimu. Alificha ujuzi, akabaki kaimu. Akaugawa wote, akabaki kaimu. Kama wewe unaijua njia aliyoikosa, hongera, ila usitupigie simu leo.

Na niseme jingine, maana nimeshaanza kusema. Kwenye droo ya meza yangu hapa studio kuna barua. Inasema mimi ni kaimu mkuu wa kipindi hiki. Huu ni mwaka wa nne. Mpaka mama yule aliponipigia simu, nilikuwa nikiiona ni barua nzuri.

Kwa familia, poleni sana. Kwa mjane, kwa binti, kwa kaka mtu, kwa mafundi wote sita, poleni. Sina la kuwapunguzia. Kwenu ninyi wengine, ninaomba kila mmoja afikiri, kazini kwake, ni nani anayefanya kazi ya cheo ambacho hajapewa. Mnamjua. Jina lake limekuja sasa hivi. Na kama barua yake inakungoja wewe uweke sahihi, basi hicho kiti ulichokalia kina koki chini yake.

Mama, najua redio yako iko wazi, binti yako ameniambia. Asubuhi ya leo nilikwenda kuuliza tena kuhusu tangazo. Jibu ni lilelile, muhuri ni muhuri. Kumwita Msimamizi sina mamlaka, redio haithibitishi mtu. Kumwita Kaimu tena siwezi. Tangazo ninalo hapa mkononi, idara imelileta lisomwe tena leo, na zamu yake imefika.

Silisomi. Nitakaa kimya kwa muda wake wote, dakika moja na nusu, na aliye karibu na ukuta asikilize.