Jina Chini ya Pini

Mheshimiwa Nzivo, Mwakilishi wa Wadi yetu. Mkurugenzi wa taasisi, Daktari Shiundu. Watafiti wenzangu mlioacha afisi zenu mkaja hadi mtaa huu wa Pipeline. Akina mama wa ploti hii. Na wewe Anisa, binti ya Amino, uliyejificha kule nyuma ilhali nilikuwekea kiti hapa mbele: hamjambo?

Nimeombwa nistaafu kwa maneno machache. Miaka ishirini na minane nimewafuata vipepeo, nao hawafuati ratiba ya mtu, kwa hivyo mwenye haraka anisamehe.

Daktari Shiundu amenisifu hadi nikageuka nione kama kuna mwingine nyuma yangu. Kumbe yupo. Ndiyo maana nilikataa ukumbi wa taasisi, nikaomba tuagane hapa, chini ya jengo ambalo marehemu Amino aliishi orofa ya tano, mlango wake ukitazamana na wangu.

Ninyi vijana hamkumjua. Alikuwa akiuza mashuka soko la Muthurwa. Mimi nilikuwa mtafiti mwenye wavu na chumba kisichopata jua, na viwavi wangu walikuwa wakifa. Amino akawahamishia kwenye roshani yake, akawafuga ndani ya mikebe ya maziwa ya watoto iliyofunikwa kwa neti. Kila jioni alishuka hadi kando ya mto, upande wa Mukuru kwa Njenga, kuwachumia ule mmea wenye utomvu mweupe. "Wacera," aliniambia, "hawa watoto wako wanakula kuliko wangu, na hata asante hawajui!"

Siku moja akagonga mlango wangu. "Kuja uone. Wale wanaokuja na mvua, wengine wana doa jeusi la ziada hapa, bawa la nyuma. Hawa wa mikebe hawana, hata mmoja. Si hawa wote ni wasichana?" Nikamcheka. Si mimi ndiye niliyekuwa na digrii? Kisha nikahesabu vipepeo hamsini na wawili, wote majike, hata mmoja hana lile doa la dume, na nusu ya mayai hayakuwa yameanguliwa. Wana wa kiume walikuwa wamefia ndani ya yai, kwa bakteria ambayo jike humrithisha mtoto. Wataalamu kwingine walikwisha kuijua. Hapa kwetu aliyeiona ni muuza mashuka.

Nikamweleza kwamba majike wa huku huwangoja madume waje na mvua kutoka mbali. Amino, ambaye mumewe aliondoka kutafuta kazi na hakurudi, alirudisha neti juu ya mkebe. Kisha akasema, "Basi hao ni majirani zetu kabisa."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kila kipepeo tunayemhifadhi huchomwa pini, na kwenye pini hiyo, chini yake, huwekwa kikaratasi kidogo: mahali, tarehe, na jina la aliyemkusanya. Vipepeo wa roshani ya Amino ni mia nane na arobaini. Vikaratasi vyote vinasema Wacera Muturi.

Kwa nini? Kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika. Siku nilipomtembeza taasisi, Amino alivisoma polepole, droo baada ya droo, akasema, "Wameandikwa vizuri." Basi. Niliona haya kusahihisha mbele yake, haya ikazaa uzembe, uzembe ukala miaka sita. Februari tukamzika. Majuto ni mjukuu, na wangu hanipi usingizi.

Namtaka Amino. Nalisema wazi, mbele ya wakubwa. Nataka kusikia kandambili zake kwenye ngazi. Mvua ikinyesha natoka nje kuwatazama madume wakifika, na sina wa kumwambia, "Njoo, wamekuja."

Katika kazi yetu kikaratasi cha zamani hakitolewi kamwe, hata kiwe na kosa. Kipya huongezwa chini yake, kosa na sahihisho vikae kwenye pini moja. Tangu Machi nimekuwa nikiandika kwa mkono. Nimemaliza mia sita na thelathini. Vimebaki mia mbili na kumi, na ufunguo wa droo natakiwa kuurudisha leo.

Daktari Shiundu, huu hapa. Nakuomba usiupokee. Sitaki mkataba wala cheo. Nipe tu siku za kutosha vikaratasi hivyo. Ameitikia kwa kichwa! Mheshimiwa Nzivo, wewe ni shahidi.

Kimoja tu sitakiandika mimi. Kwenye kisanduku hiki yumo kipepeo wa kwanza kutoka mkebe wa kwanza, nimemwacha makusudi. Anisa, mwanangu, njoo mbele, kiti chako bado ni kitupu. Kalamu hii hapa. Andika Pipeline, orofa ya tano. Halafu jina la mama yako, lote, usilifupishe.

Nanyi nyote mlionisikiliza, asanteni sana. Msipige makofi kwanza. Anaandika.