Moteur ya Chance

Benchi letu la Mangobo lina mguu mmoja wa tofali, na anayekalia upande ule ndiye hubisha zaidi. Mimi nauza kahawa. Wananiita Mama Antenne, kwa nini sijui. Wateja wangu ni Papa Alphonse, jina lake la hapa Carburateur, maana alitengeneza moteur za pirogue, injini za mitumbwi, maisha yake yote, na Tonton Timothée, yaani Visa, ambaye kila ndege ikiruka kwenye uwanja wa Bangboka anasema ijayo ni yake. Asubuhi ile akaja Aimée, mama yake Chance, simu mkononi. Chance ndiye yule kijana aliyepita hapa wakati wa mvua akishangilia, “Nimepata moteur!” Wiki ileile moteur ya pirogue ikapotea bandarini. Quartier nzima, mtaa wote, ikajua mwizi ni yeye. Watu walipoenda kwao na fimbo, akakimbilia Bafwasende, kwenye mashimo ya dhahabu. Hajarudi.

— Muangalie, akasema Aimée. Moteur yenyewe ndiyo hii.

— Wapi? akauliza Carburateur. Mimi naona simu.

— Iko mchezo wa simu, Papa. Chance aliuchora mwenyewe. Moteur iko jina la programu ya kutengenezea michezo, inapatikana bure. Yeye anachora, anaandika maneno. Moteur inafanya picha ijibu ukiigusa.

Akagusa. Tukaona bandari yetu, nyavu, mvuvi amekaa. Ukigusa ndoo, inaingia mfukoni mwako. Ukimpa mvuvi ile ndoo, anakupa kamba. Kweli ilikuwa nzuri, sitasema uongo.

— Haina bougie ya kutoa cheche, akasema Carburateur. Kitu kisichokunywa mafuta ya essence si moteur. Kama ile iko moteur, basi mimi niko askofu.

— Wee umechelewa, akadakia Visa. Siku hizi vitu vinapunguzwa. Ile ya bandarini ameipunguza, ameiingiza ndani ya simu. Beba usikie, iko nzito!

— Iko nzito sababu mkono wako haujabeba kitu tangu uzaliwe.

— Bon, cheka. Sasa mimi nakuambia kule Bafwasende hachimbi dhahabu. Anatoa moteur moja moja ndani ya simu, anauza!

— Tonton, akasema Aimée, na sauti yake ikatukata kicheko. Juzi shimo moja ilibomoka kule. Sijui kama alikuwa ndani. Naomba kitu kimoja: muende kwa chef de quartier, museme mulikosea. Nitume habari, mutoto arudi.

— Nani alikosea? akauliza Carburateur. Mimi nilisikia kwa Visa.

— Kwangu? Wewe ndiye uliniambia!

— Bon, basi tulisikia hapa, kwenye kahawa.

Wakaniangalia wote. Nikaanza kufuta vikombe vilivyokuwa safi.

— Mimi sikusema mwizi, nikasema. Nilisema tu kijana ana moteur. Si alisema mwenyewe?

Hapo akashuka kwenye toleka, baiskeli ya abiria, mwanamke mgeni, Falonne, mfanyabiashara wa Yangambi, na kikapu chake cha samaki. Baiskeli ikaenda. Akaagiza kikombe, akanywa polepole, masikio kwetu tuliokuwa tukirushiana lawama.

— Munisamehe, wapapa na wamama, akasema. Kati yenu, nani aliiona hiyo moteur mikononi mwa huyo kijana?

Visa akatazama juu, na hakukuwa na ndege. Carburateur akapuliza kikombe kisicho na kitu. Mimi nikainua birika nimwongezee mgeni, angalau mikono yangu ijibu. Halikutoa hata tone.

Aimée alikuwa bado anagusa simu yake. Kwenye picha likatokea benchi letu, na mguu wake wa tofali, na kibibi kimoja kimeshika birika. Akakigusa.

“Mimi sijui kitu, lakini nimesikia…”

Akakigusa tena.

“Mimi sijui kitu, lakini nimesikia…”

— Ndiyo hayo tu, Mama Antenne, akasema bila kuniangalia. Maneno mengine Chance hakukuandikia.