Masale Arobaini na Mawili

Acha kutikisa kichwa, Hosea. Na wewe Rachel, usimtazame kaka yako kana kwamba homa imenipanda akilini. Kilichochoka ni moyo, kichwa bado ni changu, na hata kama niliishia darasa la nne, kuhesabu najua. Nikisema masale yalikuwa arobaini na mawili, yalikuwa arobaini na mawili. Sikilizeni wanangu, pumzi ya kurudia sina.

Nyumba ni ya Rachel, ndiye aliyenifulia. Ng'ombe na migomba ya juu ni ya Hosea. Ukanda wa chini, huo unaoupimia vyumba vya kupangisha, Hosea, hauguswi. Ni bustani ya watoto wa shule, na sababu ni hiyo mliyoigunia.

Kiangazi kile kirefu mkungu wangu wa ndizi ulikatwa ukaibwa. Nikasema ni watoto wa shule, nani mwingine hupita hapa? Nikauziba mfongo, mfereji wetu wa maji, kwa magogo ya migomba na udongo, maji ya mlimani yakaishia kwangu yasishuke hadi shuleni, na miche ya mboga ya mnafu waliyopanda huko na mwalimu Leonia ikanyauka yote. Nikaiona, nikaendelea kunywa chai.

Jumatatu asubuhi nasikia "Shikamoo bibi" ya vinywa vingi. Darasa la nne zima limejaa uani, kila mtoto na kitawi chake cha isale mkononi, mmea wetu wa kuombea msamaha. Mnajua Mchagga hakatai isale, hata la aliyemwaga damu. Lakini isale huletwa na mkosaji, na mkosaji alikuwa mimi! Katoto kamoja, Given, kakasema, "Bibi, hatujui nani alikukosea, ndiyo maana tumekuja wote." Mlima huu nimeuona tangu nizaliwe, na haujawahi kuniinamisha kichwa kama watoto wale.

Nikazibua mfongo kwa mikono yangu, nikawapa ukanda ule. Nikawafundisha kukamua matunda ya mnafu yaliyoiva, kuzichanganya mbegu na majivu, kuzitawanya kwa vidole vitatu. Masale yale wakayachomeka kuzunguka bustani. Nikawacheka, nikasema mbuzi watashukuru. Yakachipua. Yote, wanangu, halikufa hata moja. Na asubuhi mnafu ulipotoboa udongo, watoto wale wenye kelele kuliko ndege wa kwenye mtama walichuchumaa kimya, hata maji ya mfongo nikayasikia. Given akaninong'oneza, "Bibi, nani ameuambia utoke leo?" Huko niendako ndilo swali langu la kwanza.

Leo masale yale yamenizidi kimo. Isale likishaota kwenye mpaka haling'olewi, Hosea. Anayeling'oa anajing'oa mwenyewe.

Sasa ule mkungu. Kikulacho ki nguoni mwako. Elifuraha wa sokoni Himo aliniambia zamani ni nani aliyemuuzia. Usiangalie chini, Hosea, niangalie mimi. Miaka mitatu nimekungoja useme, huku watoto wa watu wameshaomba msamaha wa kosa lako. Basi utachukua isale moja, kwa mkono wako, si wa mkeo, ulipeleke shuleni Jumatatu wakiwa mstarini, na uwaambie ni la nini. Usipofanya hivyo, ng'ombe ni wa shule, na Rachel ndiye shahidi.

Sogeeni... niwatemee mate ya baraka. Ruwa, Mungu wetu, awape mikono inayootesha. Awape... maji, na roho ya kuyapitisha kwa wa chini.

Nipe fimbo. Leo zamu ya maji ni yetu, na wale watoto wameshafika bustanini, nawasikia. Usinishike, Rachel. Polepole... nitafika. Nataka kuwaona wakinyamaza tena. Ninyi bakini humo mtazamane.

Mlango... acha. Naufunga mwenyewe.