Mwalimu Wilbrodi na Wimbo Uliosubiri Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Baba Paroko, masheikh na wazee wetu wa Zinga, walimu, wanafunzi, ndugu na majirani mliojaa mpaka barabarani, mimi ni Natalia, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia yake, nadhani kwa sababu wenzangu bado wanalia na mimi nililia jana nikamaliza, au nilidhani nimemaliza.

Mwalimu Wilbrodi Sixbert Kobelo alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1966 kijijini Matombo, mkoani Morogoro, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Sixbert Kobelo na Mama Agnesi, wote marehemu. Alisoma shule ya msingi hapohapo Matombo kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, na ni katika miaka hiyo alipotengeneza gitaa lake la kwanza kwa debe la mafuta ya taa na nyaya za breki za baiskeli ya baba, na baba aligundua kwamba nyaya hazipo akiwa tayari kwenye mteremko. Alichapwa, akapona, akaendelea kupiga. Alimaliza sekondari mwaka 1984, akahitimu ualimu mwaka 1988, akafundisha Kilosa kwa miaka minne, na Januari 1992 akahamishiwa Kerege, akapanga chumba hapa Zinga, na hapa ndipo alipokaa mpaka Mungu alipomwita.

Mwaka 1993 alifahamiana na Mwinjuma, mpiga ngoma, na Shuaibu, fundi cherehani na mpiga gitaa, wote mnawaona pale wamekaa, na urafiki wenyewe ulianza vibaya, kwa kuwa mwaka ule Ramadhani na Kwaresma zilikutana, kaka yangu akaacha nyama lakini hakuacha gitaa, na alasiri moja akiwa anapiga uani kwake, Bi Mwanvita, mama yake Mwinjuma, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitoka nyumba ya pili akaja kusimama mlangoni, akamwambia, "Mwalimu, mwenye njaa hasikii muziki, anasikia kelele tu." Kaka aliona haya, akalisukuma gitaa uvunguni, akaahidi mbele ya yule mama kwamba halitatoka mpaka Pasaka. Idi ilipofika Bi Mwanvita akamwalika pilau, akamwambia haya sasa, lete gitaa lako, kaka akajibu kwamba ahadi yake bado haijafika, naye akacheka sana, akawageukia wale vijana wawili akasema, "Basi subirianeni." Walisubiriana kweli, na Jumatatu ya Pasaka walipiga barazani kwake mpaka vitumbua vyake vikaungua, na tangu siku ile likawa sharti lao kwamba mmoja akiwa kwenye mfungo, hakuna anayepiga, na watu wa Zinga wakakiita kikundi chenyewe Subirianeni.

Tarehe 30 Desemba 1995 marehemu alifunga ndoa takatifu na Clara, muuguzi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Medard na Tina. Shemeji yangu Clara ndiye aliyebeba mzigo wa muziki huo, Jumanne zote hizo za mazoezi, masufuria ya chai, ngoma iliyolala sebuleni kama mgeni asiyeaga. Marehemu alitunga wimbo wa bomba la Zinga lililotoa upepo badala ya maji, wimbo wa kuwaaga darasa la saba ambao wengi mliopo hapa mliuimba mkilia, na hata wimbo wa jogoo wa Shuaibu aliyekuwa akiwika saa saba mchana, lakini wa Clara hakuutunga. Clara alikuwa akimwambia mbele yetu sote, "Jogoo ana wimbo, mimi sina," naye akimjibu miaka nenda rudi kwamba wako bado haujaiva. Tulicheka, ila mimi ni mwanamke, nilijua kwamba nusu ya maneno yale haikuwa utani.

Sharti lile lilimgharimu, na sitalipaka sukari. Machi 2013 mtu mmoja mwenye studio Dar es Salaam alizisikia nyimbo zao kwenye harusi, akataka kuwarekodi wiki ileile, na kaka akamwomba asubiri Pasaka, mtu yule hakusubiri, na Shuaibu alikasirika akajitoa katika kikundi, akawa anapita njia ya nyuma asikutane naye. Wengi walimwona kaka mjinga, na mimi nilikuwa mmoja wao. Juni 2016 akaalikwa yeye na wenzake kupiga kwenye jubilei kubwa mjini Bagamoyo, heshima ambayo angeitamani mtunzi yeyote, akakataa, akisema kwamba ni Ramadhani na wenzake Mwinjuma na Shuaibu wamefunga, ingawa Shuaibu alikuwa amekwisha kujitoa mwaka wa tatu huo. Habari ilimfikia Shuaibu kwenye cherehani yake, na Jumanne ya kwanza baada ya Idi alikuja na gitaa, akakaa mahali pake, wakaanza.

Agosti 2025 marehemu alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, akapimwa, ikabainika kuwa ni saratani ya ini, naye akarudi nyumbani akasema kwamba sasa wimbo wa Clara lazima uive. Aliutunga akiwa kitandani, akawafundisha wenzake kipande kwa kipande, Clara akiwa kazini, na Jumanne tarehe 17 Februari mwaka huu beti zote zilikuwa zimekamilika, lakini hawakuwahi kuupiga mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu na Ramadhani nayo ikaingia, mifungo imekutana tena kama mwaka ule walioanza. Siku ya pili ya Idi, Mwinjuma na Shuaibu walikuja na vyombo, wao wamemaliza wa kwao, yeye akaweka kiganja juu ya nyuzi zisilie. Nilimgombeza. Nilimwambia Baba Paroko amesema hakuna dhambi kwa mgonjwa, naye akanijibu kwa sauti iliyobaki, "Padre anazungumzia dhambi, Natalia, mimi nazungumzia ahadi. Nikifika nimefika. Nisipofika, msiupige msibani, upigeni Pasaka." Alikusudia kufika, alipambana, alikunywa uji ambao tumbo halikuutaka, akafika Jumapili ya Matawi, na Jumatatu tarehe 30 Machi 2026, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia nyumbani kwake, akibakiza miezi sita astaafu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake wa Kerege, jumuiya ndogondogo, kamati ya msikiti wa mtaani kwetu iliyoleta turubai na majamvi kabla hatujaomba, na kina mama waliopika tangu juzi bila kulala. Mwinjuma na Shuaibu, ninyi ni kaka zangu.

Jana mliuliza, na leo asubuhi mmeuliza tena, mbona mtunzi anazikwa bila muziki wake. Vyombo vipo ndani, vimefunikwa kanga ya Clara, na havitatoka leo. Njooni Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili, saa kumi jioni, barazani kwa marehemu Bi Mwanvita, mtausikia wimbo ule kwa pamoja na Clara mwenyewe, mwenye wimbo, ambaye mpaka dakika hii hajasikia hata ubeti mmoja. Nilimuuliza Clara usiku wa jana kama anataka tulivunje sharti, mjane ana haki, naye alijifuta macho akasema kwamba amesubiri miaka thelathini, siku tano hazimshindi.

Kaka Wilbrodi, pumzika kwa amani, wewe umemaliza mfungo wako, sisi ndio tunaokusubiria Pasaka.