Nani Kaigomesha Friza ya Mama Rhoda

Kijiwe cha Mita Arobaini kipo Nyasubi, mjini Kahama, ubavuni mwa karakana ya Pantaleo, fundi wa mafriji. Ni benchi moja la mbao, birika la kahawa la Nuruddin, na wanaume ambao hawajawahi kukutana na jambo wakakiri kwamba hawalijui. Jina kimelipata kwa Ngassa, mchimbaji aliyestaafu kila kitu isipokuwa mdomo, anayedai aliwahi kushuka mita arobaini kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na kupanda na viatu vyake vyote viwili. Jumanne ile asubuhi mada ilikuwa moja tu: friza ya Mama Rhoda, muuza sato, iliyokuwa ikinguruma siku ya tatu bila kugandisha hata maji ya kunywa. Samaki walishaoza na kutupwa. Kilichobaki kilikuwa kumpata wa kubebeshwa.

Pantaleo alikaa mwisho wa benchi, macho kwenye kikombe. Friza ile aliitengeneza yeye Jumamosi, na tangu saa moja asubuhi hiyo alikuwa anajua kilichoiua. Aibu alishawahi kuionja, lakini si hii ya kukaa nayo katikati ya watu wanaokuheshimu.

Mambo yalikwenda hivi. Jumamosi aliipasua kompresa kwa grenda, na pale gesi inapoingilia akakuta kijisanduku cha plastiki chenye kitundu chembamba. Kijiwe kizima kilikuwa kimesimama nyuma yake, na Ngassa akatoa somo la duarani: bomba la kushusha hewa likiwa jembamba, watu chini wanakata pumzi, lipanue mdomo, wanachapa kazi. Pantaleo akaona maneno yana akili. Akang'oa kijisanduku, akapanua tundu, akalichomelea tena gamba la kompresa. Wakampigia makofi, naye akajiita mvumbuzi, Mungu amsamehe.

Leo alipofungua kompresa nyingine ya aina ileile, ndipo alipoona bomba la gesi limeelekezwa sawasawa kwenye kile kijisanduku, ili mashine iimeze gesi ikiwa bado baridi. Ukikiondoa, gesi inamwagika ndani ya gamba la moto, inapata joto, inavimba, na pistoni kila ikivuta inaambulia kidogo. Alidhani ameiongezea mashine pumzi, kumbe ameinyima.

— Ni umeme, alianza Nuruddin, anayeitwa Wakili kwa ubishi wake. Umeme wa siku hizi unafika umeshachoka njiani. Haba na haba hujaza kibaba.

Ngassa akakataa katakata. Alieleza kwamba chini ya nyumba ya Mama Rhoda kuna njia ya wachimbaji wa zamani, na joto la mita arobaini linapanda taratibu hadi kwenye miguu ya friza. Nuruddin akamuuliza mbona friji la jirani halijaguswa. Ngassa akafikiri, akajikuna kidevu, kisha akafika palepale Pantaleo alipokuwa anapaogopa.

— Basi ni jicho. Jumamosi Bi. Chausiku si alipita akasema friza hii inanguruma vizuri, itagandisha hata nyama ya tembo? Nilimsikia mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Bi. Chausiku ni muuza vitumbua, mjane, mpangaji wa Mama Rhoda mwaka wa sita sasa. Nuruddin, asiyekubali kupitwa kwa nadharia, akaidaka.

— Na mdomo wa kompresa si ulikuwa umepanuliwa? Ungekuwa mwembamba jicho lingekwama. Fundi kafungua lango kwa nia njema, jicho likaingia wima. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akaendelea kufafanua kwamba jicho likishaingia kwenye gesi, hata ubadilishe gesi haliondoki. Dawa yake ni kumhamisha mwenye jicho. Na Mama Rhoda, akasema, ameshampa Bi. Chausiku hadi Ijumaa awe ametoa vyombo vyake.

Hilo la Ijumaa Pantaleo hakuwa amelisikia.

— Ni mimi, alisema. Nilitoa kitu kisichotakiwa kutoka. Bi. Chausiku hahusiki.

Ngassa akamwekea mkono begani.

— Mnauona moyo wa huyu mtu, bhabha? Mama wa watu anafukuzwa, yeye anataka kujitwisha. Wakili, muongezee kahawa.

Nuruddin akamjazia kikombe na kumpa kashata ya bure. Nyumba ya Mama Rhoda ni ya nne kutoka pale. Pantaleo angeweza kusimama, aende akaseme kwa mwenye friza. Badala yake alisema asante. Na kilichomtia aibu zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba moyo wake ulitulia. Nimeshasema, alijiambia, wamekataa wenyewe. Akanywa kahawa yake yote, na ilikuwa tamu.

Wakati huo akatokea Bi. Chausiku mwenyewe na ndoo yake ya vitumbua. Ana umri wa mama zao, na siku zote benchi lote humwamkia kabla hajafika. Leo Ngassa aliinama kufunga kamba za viatu. Nuruddin akafuta birika lililokuwa safi. Mama akatua ndoo chini.

— Tangu Jumapili hamniamkii, alisema. Napita asubuhi, napita jioni, kimya. Wanangu, nimewakosea nini?

Aliwatazama mmoja mmoja bila hasira, na alipofika kwa Pantaleo akangoja kidogo, kwa sababu huyo ndiye aliyezoea kumwita mama.

Pantaleo akainua kikombe mpaka kikamfunika uso. Hakikuwa na kitu. Akaendelea kunywa hivyohivyo, mpaka aliposikia kandambili za mama zikiondoka.